Kutoka Uwandani hadi Mezani: Njeo, Nafsi na Tafsiri katika Uandishi wa Tasnifu ya Anthropolojia

Utangulizi

Mtafiti wa anthropolojia anapokwenda uwandani husindikizwa na mengi: kibali cha utafiti, pendekezo lililopitishwa na kamati, barua za utambulisho na nasaha za msimamizi wake. Anaporudi hasindikizwi na kitu ila mizigo yake. Vitabu vya mbinu za utafiti vimejaa maelezo juu ya namna ya kuuliza, kusikiliza, kurekodi na kushiriki katika maisha ya wenyeji. Kuhusu miezi inayofuata, ambamo rundo la madaftari linatakiwa kugeuka kuwa sura sita au saba zenye hoja moja, aghalabu husemwa machache, kana kwamba kuandika ni kunakili tu. Mhadhara huu unahusu miezi hiyo.

Suala hili linatazamwa hapa kwa jicho la taaluma za Kiswahili, na si bila sababu. Sehemu kubwa ya utafiti wa kianthropolojia uliofanyika katika mwambao wa Afrika Mashariki, visiwani, bara ya Tanzania na Kenya, na katika miji ya Katanga, ilifanywa kwa Kiswahili. Wazee walisimulia kwa Kiswahili, wagonjwa waliagua na kuaguliwa kwa Kiswahili, mirathi iligombewa kwa Kiswahili. Kisha tasnifu ikaandikwa kwa Kiingereza, Kifaransa au Kijerumani, na lugha iliyobeba mazungumzo yote ikaachiwa faharasa fupi ya maneno ya kigeni mwishoni mwa kitabu. Kwa upande mwingine, wapo wanafunzi ambao leo huandika tasnifu zao za uzamivu kwa Kiswahili, hasa katika idara za Kiswahili za vyuo vikuu vya Afrika Mashariki. Hao wanakabiliana na maamuzi ya kisarufi ambayo wenzao wanaoandika kwa Kiingereza huyapita bila hata kuyaona. Ni maamuzi madogo, ya kiambishi kimoja au viwili. Hata hivyo, ndani yake mna swali kubwa la taaluma hii: watu walioketi na mtafiti na kuzungumza naye wanawekwa wapi, na katika wakati gani, pindi anapowaandika?

Madaftari

Tasnifu haianzi siku mtafiti anapokaa mezani. Huanza usiku ule wa kwanza kijijini, anapofungua daftari na kuamua aandike kwa lugha gani. Mfano unaojulikana zaidi ni ule wa Bronisław Malinowski. Alikaa katika visiwa vya Trobriand kwa vipindi viwili kati ya mwaka 1915 na 1918, akazungumza na wenyeji kwa lugha yao ya Kiriwina, akaandika shajara yake binafsi kwa Kipolishi, na kitabu chake Argonauts of the Western Pacific, alichokimalizia katika kisiwa cha Tenerife mwaka 1921 na kukichapisha mwaka uliofuata, akakiandika kwa Kiingereza. Shajara ilitolewa kwa tafsiri mwaka 1967, miaka 25 baada ya kifo chake. Wasomaji walishtuka kukuta humo uchovu, tamaa na dharau kwa watu wale wale ambao kitabu kinawaeleza kwa makini na heshima. Mengi yameandikwa juu ya unafiki wa mwanachuoni huyo. Lenye manufaa zaidi kwa mhadhara huu ni jambo jingine: kila lugha ilipewa kazi yake. Hasira ilikwenda katika Kipolishi, maarifa katika Kiingereza, na Kiriwina ikabaki kuwa lugha ya kuulizia.

Mgawanyo wa namna hii hutokea katika takriban kila daftari la uwandani. Mtafiti aliyeketi na bibi mmoja asubuhi nzima, akisikia habari za ukungwi kwa Kiswahili, anaporudi nyumbani jioni huandika kwa lugha ya tasnifu yake ili kuokoa muda. Tafsiri ya kwanza basi inafanyika usiku, kwa mwanga hafifu, na mtu mwenye usingizi, naye hana kamusi wala mtu wa kumsahihisha. Tafsiri hiyo haina mhakiki. Miezi minane baadaye, akiwa maktabani, hulinukuu daftari lake na kuweka alama za kunukuu pande zote mbili za sentensi ambayo bibi yule hakupata kuitamka. Hakuna mtahini awezaye kuligundua hilo, na huenda hata mtafiti mwenyewe amekwisha kulisahau.

Yapo pia madaftari yasiyofika mezani kabisa. Edmund Leach alikuwa miongoni mwa Wakachin wa Burma vita vilipozuka mwaka 1939, na katika misukosuko ya vita alipoteza maandishi yake ya uwandani pamoja na mswada alioutunga juu yake. Tasnifu yake aliyoiwasilisha London mwaka 1947 ilibidi aiandike kwa kuchanganya kumbukumbu na nyaraka za maktabani. M. N. Srinivas, aliyefanya utafiti wake katika kijiji cha Rampura kusini mwa Uhindi mwaka 1948, alikuwa mwanachuoni mashuhuri aliyekwisha kupita zamani hatua ya uzamivu pale moto ulipoteketeza maandishi yake yaliyochambuliwa huko Stanford mwezi Aprili 1970. Aliamua kuandika kwa kukumbuka, na The Remembered Village kikatoka mwaka 1976. Visa hivi viwili husimuliwa wanafunzi ili wahifadhi nakala zao, na ni onyo jema. Kisa cha Leach, hata hivyo, kina funzo jingine, ambalo litarejewa punde.

Njeo

Mwaka 1940 kilitoka kitabu The Nuer cha E. E. Evans-Pritchard. Utafiti wake ulifanywa kwa vipindi kati ya mwaka 1930 na 1936, mara tu baada ya majeshi ya serikali ya Sudan kuwashambulia Wanuer, na mwandishi anaeleza katika utangulizi jinsi watu walivyomtilia shaka na kuyakwepa maswali yake. Utangulizi ukiisha, vita navyo huisha. Kuanzia hapo Wanuer huchunga ng'ombe, huhama na majira, hugombana na kupatana katika wakati usio na mwaka wala serikali. Renato Rosaldo alilijadili jambo hili katika mkusanyo Writing Culture uliohaririwa na James Clifford na George Marcus mwaka 1986. Miaka mitatu kabla yake Johannes Fabian alikuwa amelipa msingi wa kinadharia katika Time and the Other. Hoja ya Fabian, ikielezwa kwa ufupi, ni kwamba mtafiti na wenyeji wake huishi wakati mmoja wanapozungumza, maana mazungumzo hayawezekani vinginevyo; lakini akirudi kuandika huwaondoa katika wakati huo na kuwaweka katika wakati mwingine, wa zamani au usio na kalenda. Mjadala huo wa njeo ya sasa ya kiethnografia umeendeshwa zaidi kwa Kiingereza na Kifaransa. Ukihamishiwa katika Kiswahili unabadilika sura, kwa kuwa sarufi ya Kiswahili hailazi mambo yote hayo katika kitanda kimoja.

Kiingereza kina umbo moja la wakati wa sasa uliopo na uliozoeleka, nalo linatosha kwa kanuni ya fizikia, kwa ada ya kila mwaka na kwa maelezo ya desturi. Mwandishi wa Kiswahili anatakiwa kuchagua. Chukua sherehe ya Mwaka Kogwa huko Makunduchi, Unguja, ambapo kibanda cha makuti huchomwa moto. Sentensi hii ya mwisho imetumia hu-, na hakuna msomaji aliyeshtuka. Ingeweza kuandikwa: kibanda kilichomwa moto, kibanda kinachomwa moto, kibanda kimechomwa, kibanda kikichomwa, au, kwa masimulizi, kibanda kikachomwa. Sentensi sita, na kila moja inadai ushahidi wake. Anayesema kilichomwa anadai kwamba alikuwapo, au kwamba yupo mtu aliyekuwapo akamwambia. Anayesema huchomwa anadai mengi zaidi: kwamba jambo hilo linarudiwa, kwamba linajulikana kuwa linarudiwa, na kwamba safari aliyoishuhudia yeye haikuwa ya peke yake. Mtafiti aliyekaa uwandani miezi 14 ameiona sherehe ya kila mwaka mara moja, au mbili akibahatika. Hu- yake inatoka wapi?

Kiambishi hicho kina tabia za kisarufi zinazostahili kutazamwa kwa karibu zaidi. Hakikubali kiambishi cha nafsi wala cha ngeli: mimi husoma, wewe husoma, wao husoma. Mtenda akiachwa bila kutajwa, hakuna kilichobaki katika kitenzi cha kumrejesha. Kadhalika, hu- haina ukanushi wake. Anayetaka kusema kwamba jambo fulani si desturi hulazimika kutumia umbo jingine, hawasomi, na hapo nafsi hurudi mlangoni. Pengine ndiyo maana maelezo ya desturi kwa hu- huwa mepesi kuandika na magumu kupinga. Tendo limebaki, watendaji wameondoka, na mlango wa kukana umefungwa. Kwa mwenye kutafuta mtindo wa kuwaeleza watu nje ya wakati, ingekuwa vigumu kupata chombo kilicho tayari kuliko hiki.

Isidhaniwe kwamba hu- ni adui. Wenyeji wenyewe huitumia, na mara nyingi kwa makusudi. Mzee anayesema “sisi hapa huoa baada ya mavuno” anatoa kanuni, na huenda anaitoa kwa sababu jana tu mjukuu wake ameoa kabla ya mavuno. Kosa linatokea pale kanuni ya mzee inapohamishwa kutoka kinywani mwake hadi katika sauti ya mwandishi, bila mzee na bila mjukuu. Katika daftari palikuwa na ugomvi wa nyumba moja; katika tasnifu pamebaki desturi ya kabila.

Mfano wa -ki- ni mzito zaidi, nao unawahusu hasa watafiti wa pwani na visiwani. Katika Kiunguja na Kimvita msemaji aweza kusema “watu wakikesha” kwa maana ya kwamba walikuwa wakikesha, enzi zile. Haihitajiki “walikuwa” kutangulia. Mtafiti aliyejifunza Kiswahili katika kozi za miezi mitatu amefundishwa -ki- ya masharti na ya matendo sambamba tu. Akisikia umbo hili mara mia katika kanda zake, atalitafsiri kwa njeo ya sasa, naye hatajua kwamba kila mara msemaji alikuwa akimwambia: hayo yamekwisha. Huo ni msiba wa kimya. Maombolezo ya mzee yanageuzwa kuwa maelezo ya mambo yalivyo, na msomaji wa ng'ambo anapata picha ya mji ambao wenye mji wanausikitikia.

Hapa ndipo kisa cha Leach kinaporudi. Kitabu chake cha mwaka 1954, Political Systems of Highland Burma, kinajulikana kwa kupinga dhana kwamba jamii hukaa katika mizani isiyotikisika. Kinawaonyesha Wakachin wakiyumba kati ya mifumo miwili ya utawala, gumsa wa kitemi na gumlao usio na watemi, katika muda wa zaidi ya karne moja. Haingekuwa haki kusema kwamba aligundua historia kwa sababu tu alipoteza madaftari. Alikuwa na fikra zake na ubishi wake. Lakini mtu asiye na daftari la mwaka mmoja la kumshika mkono hulazimika kusoma taarifa za maofisa, za wamisionari na za wasafiri wa vizazi kadhaa, na huko njeo ya sasa haipatikani. Wanafunzi wenye madaftari kamili hawana budi kulitafuta kwa hiari jambo ambalo Leach alisukumwa kwalo na vita.

Inafaa basi mwandishi wa Kiswahili aitumie neema ya sarufi yake. Tukio lililoshuhudiwa lisimuliwe kama tukio, kwa -li- na -ka-, pamoja na siku yake na waliokuwapo. Kauli za watu zibaki na njeo walizozitumia, hata zikigongana. Hu- ya mwandishi mwenyewe ije baadaye, ikiwa imekwisha kulipiwa. Sura iliyoandikwa hivyo huenda ikawa ndefu na yenye vikwazo vingi kuliko ile inayotiririka kwa hu- kuanzia mwanzo hadi mwisho, na wasimamizi wengine hulalamika kwamba ina hadithi nyingi. Lalamiko hilo linavumilika.

Tafsiri

Fabian mwenyewe ni mfano mwema wa tatizo la pili, lile la maneno yasiyovuka. Utafiti wa tasnifu yake, iliyokamilika katika Chuo Kikuu cha Chicago mwaka 1969, ulifanywa Katanga katika miaka ya 1966 na 1967 miongoni mwa wafuasi wa Jamaa, vuguvugu la Kikatoliki lililotokana na mafundisho ya padri Mfransisko wa Kibelgiji, Placide Tempels, mwandishi wa La philosophie bantoue. Wafuasi wengi walikuwa wafanyakazi wa migodi na wake zao. Lugha yao ilikuwa Kiswahili cha Katanga. Mtafiti alikuwa Mjerumani, na tasnifu ilitakiwa iwe ya Kiingereza.

Msingi wa mafundisho ya Jamaa ni maneno matatu: uzima, uzazi na mapendo. Msomaji wa Dar es Salaam au Mombasa atadhani ameyaelewa mara moja, na hapo ndipo atakapopotea. Uzima kwa watu wa Jamaa haukuwa afya tu, wala utu uzima tu, wala kule kuwa hai tu. Uzazi haukuishia katika kuzaa watoto, kwa kuwa wafuasi walizungumza pia juu ya kuzaana katika mawazo na imani. Jina lenyewe lina mtego. Mtu wa Tanzania aliyelisikia mwaka 1967, mwaka wa Azimio la Arusha, angefikiria mara moja siasa ya ujamaa, ambayo haikuwa na uhusiano na mafundisho ya Tempels. Kwa hiyo tafsiri ilihitajika hata ndani ya Kiswahili, kutoka cha Kolwezi hadi cha pwani, kabla hata Kiingereza hakijaitwa. Wanaisimu wa lahaja wanalijua hili tangu zamani. Wanaanthropolojia hulisahau, na wanafunzi wanaoandika kwa Kiswahili hulisahau zaidi, wakidhani kwamba kwa kuwa tasnifu na uwanda vina jina moja la lugha, hakuna mto wa kuvuka.

Njia aliyoifuata Fabian baadaye inafaa kuangaliwa. Mwaka 1990 alichapisha History from Below, chenye andiko la Kiswahili lililotungwa na André Yav mwaka 1965 kuhusu historia ya mji wa Elisabethville, ambao leo ni Lubumbashi, kama walivyoijua watumishi wa nyumbani wa Wazungu. Andiko la Kiswahili liliwekwa lote pamoja na tafsiri, ili msomaji aweze kumshtaki mfasiri. Hiyo ni anasa ambayo tasnifu yenye ukomo wa maneno haiwezi kujipatia kila mahali. Hata hivyo, nukuu tano au sita zenye kubeba hoja nzima zinaweza kuwekwa kwa lugha yake kamili, pamoja na kigugumizi na marudio yake, na pakabaki nafasi ya uchambuzi.

Neno utani ni mfano mfupi. A. R. Radcliffe-Brown aliandika insha yake maarufu juu ya uhusiano wa namna hii mwaka 1940, na tangu hapo watafiti wa Tanzania wamekuwa wakilifasiri utani kwa istilahi ya Kiingereza yenye maana ya mizaha. Mizaha ipo. Lakini mtani ndiye pia afikaye msibani na kushika kazi ambazo wafiwa hawaziwezi, na hudai malipo yake bila haya. Tafsiri imechukua kicheko na kuliacha jeneza.

Nafsi

Katika daftari imeandikwa: Bi fulani aliniambia kwamba mzimu ule haupendi nguo nyekundu. Katika rasimu ya kwanza sentensi imekuwa: inasemekana kwamba mzimu haupendi nguo nyekundu. Katika tasnifu iliyojalidiwa inasomeka: wenyeji huamini kwamba mizimu haipendi nguo nyekundu. Hakuna uongo wa dhahiri katika hatua yoyote. Aliyesema ametoweka katika hatua ya kwanza, na aliyeambiwa ametoweka pamoja naye. Katika hatua ya pili mzimu mmoja umekuwa mizimu yote. Kauli ya kutendeka, ile ya inasemekana, inaaminika, inajulikana, inapendwa sana na wanafunzi wa vyuo vyetu kwa sababu wamefundishwa kwamba ndiyo sauti ya kitaaluma. Ni vigumu kukubaliana na mafundisho hayo. Kitenzi kisichotaja mtenda kina adabu yake katika barua ya ofisi. Katika ethnografia kinaficha chanzo.

Wale wanaoandika juu ya kwao wana shida ya aina nyingine. Jomo Kenyatta alihudhuria semina za Malinowski London, na Facing Mount Kenya, kilichotoka mwaka 1938 kwa utangulizi wa mwalimu huyo, hakikuwa tasnifu ya uzamivu. Lakini ndicho kitabu ambamo Mwafrika wa Mashariki alisimama mbele ya taaluma hii na kusema anawajua watu hawa kwa kuwa ni mmoja wao. Katika dibaji alitaja rika lake na mafunzo aliyoyapitia kama wengine wanavyotaja digrii zao. Kwa mtafiti kama huyo, kurudi kutoka uwandani ni maneno tu. Harudi, anahama kutoka chumba kimoja cha nyumba hadi kingine, na wakubwa zake wanaendelea kumpigia simu. Akiandika “wao” anajitenga na mama yake. Akiandika “sisi” mtahini atamuuliza ushahidi uko wapi. Okot p'Bitek alikuta ugumu wa upande wa pili alipofika Oxford kusoma anthropolojia miaka ya mwanzo ya 1960: katika dibaji ya African Religions in Western Scholarship alisimulia jinsi mhadhara ulivyowataja watu wa kwao kwa majina ya ushenzi, naye akiwa amekaa darasani, akisikiliza. Sisi ya mwanafunzi na wao ya mwalimu zilikuwa zikimtaja mtu yule yule.

Heshima ya Kiswahili inaongeza uzito wa jambo hili. Kijana aliyeelezwa siri za nyumba na shangazi yake hakuelezwa kama mtafiti. Ameelezwa kama mtoto wa nyumbani, na fomu ya ridhaa iliyosainiwa haiwezi kulifuta hilo. Yapo aliyoyasikia kwa sababu ya ujamaa wao, ambayo hayafai kuingia katika sura ya nne hata kama ndiyo yangeikamilisha hoja. Laura Bohannan, aliyefanya utafiti miongoni mwa Wativ wa Nigeria, aliyaweka yale ambayo taarifa ya kisayansi haikuyapa nafasi katika riwaya, Return to Laughter, aliyoitoa mwaka 1954 kwa jina la bandia. Hiyo ni njia mojawapo. Kunyamaza ni nyingine, nayo haina aibu.

Wasomaji waliosahauliwa

Mwanafunzi huandika akiwa na watu wanne au watano kichwani: msimamizi, watahini, labda mwandishi mmoja mashuhuri anayetaka kumbishia. Mkusanyo uliohaririwa na Caroline Brettell mwaka 1993 ulikuwa wote juu ya yanayotokea pale wanaoandikwa wanaposoma. Kisa kinachotajwa zaidi ni cha Nancy Scheper-Hughes. Utafiti wake wa kijiji kimoja cha magharibi ya Ireland ulizaa tasnifu ya uzamivu, na kitabu mwaka 1979. Kijiji alikipa jina la Ballybran, lakini haikuchukua muda kikatambuliwa, na wenyeji wakajiona wameanikwa juani na mgeni waliyemkaribisha. Aliporudi miaka 20 baada ya kitabu kutoka, aliambiwa aondoke. Jina la bandia lilikuwa limewaficha watu mbele ya wasiowajua tu. Kijijini kila mtu alijua nani ni nani.

Huku kwetu lugha ilifanya kazi ambayo majina ya bandia hayakuifanya: iliwafungia wenyeji nje. Pat Caplan alifanya utafiti wake wa kwanza katika kisiwa cha Mafia kati ya mwaka 1965 na 1967. Katika ziara zake zilizofuata alimwomba rafiki yake wa huko, anayemwita Mohammed, awe anaandika shajara. Mohammed aliiandika kwa Kiswahili. Ilipokuja kuwa sehemu kubwa ya African Voices, African Lives mwaka 1997, ilikuwa ya Kiingereza. Caplan amestahili sifa kwa kumwachia mwenye maneno nafasi ambayo tasnifu za miaka ya 1960 hazikuitoa, na baadaye kitabu chake kingine, Mikidadi wa Mafia, kilifika kwa wasomaji wa Kiswahili. Lakini ni adimu kwa wengine kufanya hivyo. Masharti ya Tume ya Sayansi na Teknolojia, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1986, humtaka mtafiti aliyepewa kibali Tanzania kuwasilisha taarifa ya kazi yake. Nakala iliyowekwa kabatini Dar es Salaam, kwa lugha ambayo mvuvi wa Mafia haisomi, inatimiza sharti.

Haikuwa hivi tangu mwanzo. Mtoro bin Mwinyi Bakari, mzaliwa wa Dunda karibu na Bagamoyo, aliandika kwa Kiswahili habari za ndoa, uzazi, mazishi, ngoma na mashamba ya watu wa pwani, na Carl Velten akazichapisha mwaka 1903 kwa jina la Desturi za Wasuaheli, zikiwa na tafsiri ya Kijerumani katika juzuu ya pili. Hiyo ni miaka 19 kabla ya Argonauts. Kitabu hicho kwa kawaida husomeshwa kama chanzo cha historia au kielelezo cha lugha ya wakati wake. Kingeweza pia kusomeshwa katika somo la mbinu za utafiti, sura baada ya sura, kwa swali moja: mwandishi anayewaandikia wanaojua desturi hizo hutumia njeo gani, na anayewaandikia wasiozijua hutumia ipi?

Baada ya utetezi

Tasnifu ikishapitishwa, madaftari husahauliwa. Hupelekwa chini ya kitanda, au katika dari ya nyumba ya wazazi, na mchwa hawajui tofauti ya shajara na gazeti. Kwa taaluma za Kiswahili hasara hiyo ni ya pekee. Mtafiti aliyekaa mwaka mzima Pemba, Pate, Kilwa au Kolwezi amekusanya, bila kukusudia, mamia ya maneno ya uvuvi, ya useremala wa majahazi, ya uganga na ya jikoni, pamoja na nyimbo, dua, matusi na vitendawili, vyote katika mazingira yake halisi na tarehe zake. Katika tasnifu yametumika labda maneno 60. Maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam inao mkusanyiko wa miswada ya Kiswahili ambao umewafaa watafiti kwa miongo mingi, na hakuna kinachozuia madaftari ya uwandani kuwekwa karibu nayo, majina ya watu yakiwa yamefunikwa na kanda zikiwa zimenakiliwa katika mfumo wa kidijitali. Mtunga kamusi atakayeyafungua atatafuta jina la samaki. Mjukuu wa msimulizi, akifika siku moja kama mwanafunzi, atatafuta sentensi aliyoisema bibi yake, naye ataihitaji kwa Kiswahili, na kwa njeo ile ile.